Oili Yako na Oili Yangu

Mwanangu Kalunde,

Barua ya heshima huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Mchana huu umetoka hapa umenuna, umejifunga kitenge cha mama yako, umekwenda Makanyagio kumuaga shangazi yako, na mlango wa uani umeubamiza mpaka kuku wakaruka. Hali yangu nayo unaijua kwa sababu umeisababisha wewe. Basi tuendelee.

Mama yako amepita sasa hivi na beseni la nguo zako, akachungulia karatasi hii, akacheka. "Baba Kalunde, unamwandikia barua mtu anayelala chumba cha pili?"

Nikamwambia huyo anayelala chumba cha pili hataki kunisikiliza.

"Na wewe je?" akasema, akaenda zake kuanua nyingine.

Habari za kufunga mlango, kula vizuri, kwenda kanisani na kuchagua marafiki sitaziandika. Mama yako ameshazisema wiki nzima, na shangazi yako nadhani anazirudia huko uliko. Mimi nina jambo moja tu, nalo limo ndani ya injini ya gari unaloondoka nalo kesho asubuhi kwenda kuanza maisha yako Tabora.

Naandika huku natega sikio uani. Ulipotoka tu niliwasha Land Rover, nikaiacha ingurume mpaka ikapata joto, nikazima, nikajilaza chini yake na goti langu hili bovu, nikafungua nati ya chini. Oili inamwagika kwenye beseni kuukuu. Mwanzo inatoka kwa kishindo, halafu inakuwa uzi, halafu matone. Mimi huwa siridhiki mpaka tone la mwisho lining'inie likatae kudondoka. Kwa hiyo nina muda wa kuandika, ila kukaa nimeshindwa. Nimeshasimama na kukaa mpaka kiti kinalalamika.

Nilitaka kukuandikia ile methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikakumbuka kuwa kati yetu mwenye guu bovu ni mimi. Goti la kushoto limekataa klachi, ndiyo maana gari unaondoka nalo wewe. Bila hivyo ungeondoka kwa treni kama watoto wa wenzangu, na mimi ningekuwa stesheni nakupungia mkono, nasikitika kidogo, halafu narudi nyumbani nalala. Lakini unaondoka kwa gari, peke yako, kwa njia ya Inyonga, na ukishapita Inyonga unajua mwenyewe kuna nini: msitu, mbung'o, na msitu tena. Mtu akiharibikiwa pale anakaa mpaka lori lipite, na lori lenyewe linapita likipenda.

Naogopa, mama. Afadhali niliandike hili mapema, maana mchana nilipokuwa nafoka ulidhani nina hasira.

Ngoja nikaangalie beseni.

Bado inatoka uzi. Na Masanja ameshafika. Amesimama pale kwenye ua na debe lake tupu, fimbo imelazwa mabegani na mikono ameitundika juu yake, utadhani anachunga Land Rover.

"Baba Kalunde, imeshuka?"

"Bado."

"Mie nasubiri. Ila mchwa wenyewe hawasubiri."

Kila mtu mtaani kwetu ana zamu yake ya oili chafu, nawe umekua ukiiona. Nguzo ya nyumba isiyopakwa oili chafu hapa Mpanda huliwa na mchwa ndani ya misimu miwili, kwa hiyo mwenye gari akimwaga oili ni kama amechinja: majirani wanajua ini la nani na mguu wa nani. Zamu hii ni ya Masanja, anajenga banda la ndama. Na Masanja ana madai ya zamani. Mpaka leo hunisalimia kwa kuuliza ile oili yake ya mwaka ule ilikwenda wapi. Ilikokwenda nakuandikia, maana wewe ulikuwepo lakini ulikuwa mtoto, na hadithi unayowasimulia watu mpaka wanashika mbavu ni nusu tu.

Ulikuwa darasa la tano. Mdogo wangu alikuwa anaoa Inyonga, na mimi kama kaka mkubwa ndiye niliyetakiwa kusimama upande wa baba, kwa sababu babu yako alikuwa ameshafariki. Gari hili hili. Siku chache kabla ya safari dereva mmoja wa watalii wa uwindaji, tuliyewahi kumvuta kwenye tope kule Sitalike, alinipa kopo la oili ambayo sijawahi kuiona. Ilikuwa nyepesi na safi, rangi ya asali ya kwanza. Akaniambia hii ni sintetiki, haichimbwi, inatengenezwa na wataalamu, inaosha injini ndani kama sabuni. Nilitembea na kopo lile mtaa mzima. Nilikwenda nalo hata sokoni, na sokoni sikuwa na shida yoyote.

Kitu cha kufanya kilikuwa rahisi: kumwaga oili chafu yote, kuweka filta mpya, ndipo nimimine. Lakini oili chafu ilikuwa imeshaahidiwa kwa Masanja, na Masanja alikuwa amekwenda Usevya kuhamisha ng'ombe, debe lake amelifungia ndani. Kumwaga chini mali ya mtu niliona aibu. Kumpa jirani mwingine ingekuwa ugomvi. Basi nikaiacha humo humo ndani ya injini, imtunzie mwenyewe mpaka arudi, na kwa kuwa ilikuwa imepungua, nikajazia juu yake ile ya kopo. Injini yangu ikawa ghala la Masanja.

Filta nayo unaijua. Ile miaka ya foleni, tulipokuwa tunapanga mstari hata kwa sabuni, filta mpya ya karatasi ilikuwa kitu cha kusikia redioni. Tulijifunza kuifua. Unaichomoa kwenye kikombe chake, unaisuuza kwa petroli, unaianika kwenye kamba pamoja na nepi, ikikauka unairudisha. Foleni zilikwisha, maduka yakajaa, na mimi nikaendelea kufua. Nilikuwa naona fahari. Nilikuwa nasema vijana wa siku hizi wanatupa filta nzima kama maganda ya muhogo.

Basi tukapakia watu wa harusi. Mama yako mbele, wewe katikati, nyuma wajomba na shangazi na magunia, na yule mama wa Karema aliyekuwa na debe la mawese anawapelekea wakwe. Tumeingia msituni, gari linateleza tu, sauti laini, mimi naimba. Ile oili mpya kweli ilikuwa inaosha. Iliosha uchafu wa miaka yote uliokuwa umeganda ndani, ukaenda wote kwenye filta, na filta yangu ya kufuliwa ikapasuka kama karatasi ya vitumbua. Mpira wa kikombe ulikuwa umekakamaa, nao ukaachia. Taa nyekundu ya oili ikawaka.

Wewe ndiye uliyeiona. Ulisema, "Baba, kataa kekundu kamewaka."

Nikakujibu, "Taa hiyo ni mwongo, siku zote inadanganya."

Taa haikuwa mwongo, Kalunde. Nilikuwa na kopo la wataalamu tumboni mwa gari na shemeji zangu mgongoni, na sikutaka kusimama mbele za watu kufungua boneti. Tukaenda mwendo mrefu kidogo zaidi, mpaka mjomba wako aliyekaa nyuma akapiga bati akasema tunaacha mstari mweusi barabarani kama nyoka.

Kijiti cha kupimia kilitoka kikavu. Filta ya akiba sikuwa nayo, oili sikuwa nayo. Nikaukaza mpira wa kikombe kwa kamba ya gome la mti, nikamwangalia yule mama wa Karema, yeye akaangalia debe lake. Alikuwa ameshaelewa kabla sijafungua mdomo.

"Utanieleza nini mbele ya wakwe zangu?" aliniuliza.

"Nitawaeleza mwenyewe," nikasema.

Nikamimina mawese ndani ya injini.

Hapa ndipo wewe unapoanzia hadithi yako: jinsi gari lilivyowaka, jinsi lilivyonukia maandazi msitu mzima, jinsi wajomba walivyosema njaa inawauma na fisi watatufuata kwa harufu. Watu wanacheka mpaka machozi. Nami hucheka, kwa sababu unaisimulia vizuri kuliko mama yako.

Sehemu ninayoikumbuka mimi ni nyingine. Giza lilitukuta bado tupo mbali na Inyonga, na bila kuona barabara vizuri niliogopa kwenda, nikaegesha. Mlilala humo humo mmejikunyata, ulikuwa msimu wa baridi. Mimi sikulala. Ukaamka ukaniuliza, "Baba, gari limekufa?" Nikakujibu kwa ukali, "Gari halifi. Lala." Asubuhi nikapiga stata. Mawese yalikuwa yameganda usiku kucha, yamekuwa kama samli. Injini ikawaka, lakini chini pampu ilikuwa inavuta kitu ambacho hakivutiki. Ikagonga mara mbili tatu kwa sauti ya mtu anayevunja kuni, ikanyamaza. Imenoki. Metali zote, zile beringi za ndani, zimekwisha. Ukaniangalia, ukateremka ukakaa kwenye mzizi wa mninga.

Inyonga tuliingia juu ya lori la tumbaku siku ya pili yake, watu wanarudisha sufuria walizoazima. Mdogo wangu alioa, na upande wa baba akasimama jirani. Bibi yako, ambaye jina lake ndilo ulilobeba, alinitazama juu mpaka chini akasema kwa Kikonongo maneno ambayo kwa Kiswahili yanapoa: gari lako limekula harusi ya mdogo wako. Mdogo wangu mwenyewe hajawahi kunilaumu. Ningependa anilaumu.

Nadhani ni siku ile ulipoacha kuniamini juu ya magari, ukaamua kujua mwenyewe. Ulipomaliza shule ukasema unataka ufundi, mimi nikawaambia watu ni utoto, utapita. Haukupita. Shangazi yako akaniuliza msichana gani atalala chini ya gari, nikamjibu kwa hasira kuwa ni wa kwangu. Hilo hukulisikia, ulikuwa chuo.

Ngoja.

Sasa ni matone. Masanja amekaa chini, anakata kucha na kisu. Nimemwambia aende, arudi baadaye, amesema mwaka ule alikwenda na kila mtu anajua kilichotokea.

Turudi mchana. Umenitolea kopo lako ulilonunua kwa ujira wako wa kwanza wa ufundi, nami nikaleta kopo langu, ile nzito ya namba arobaini, ambayo magari yote ya hapa yamekua nayo. Nitaandika maneno yetu kama yalivyokuwa, maana nimeyarudia kichwani tangu uondoke na sitaki kuyapamba.

Ulisema, "Baba, ya kwako ni nzito. Asubuhi gari likiwa la baridi inachelewa kupanda juu, na chuma kinasagana kikavu."

Nikasema, "Ya kwako ni maji. Gari kuukuu litaimwaga yote kabla hujafika Inyonga."

"Injini imefanyiwa ovahoo, baba. Sili mpya, ringi mpya, metali mpya. Uchafu wa zamani haupo tena wa kuoshwa."

"Gari hili nilianza kulijua hujaota meno."

Ukavuta pumzi, ukasema taratibu, "Siku ile oili haikuwa na kosa, baba. Kosa lilikuwa filta."

Ulisema mbele ya Masanja na mbele ya wale vijana wa kuosha magari. Nikakujibu kuwa gari hili ni langu mpaka litakapotoka uani kesho, na ndani yake itaingia oili ninayotaka mimi. Hapo ndipo mlango ulipobamizwa.

Kwa miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu kuwa sintetiki ndiyo iliyoniulia injini. Nimewaambia madereva wadogo, nimewaambia mafundi. Mmoja alikuwa na kopo mkononi, akalirudisha dukani kwa sababu yangu. Ni rahisi kulaumu kitu kigeni, hakina ndugu wa kukitetea.

Mengine niliyojifunza kwa kuumia unayajua kuliko mimi, ila nikinyamaza nitapasuka. Niliwahi kununua oili nzuri ya kung'aa hapa mjini, ndani ya kopo zuri, kumbe ni oili chafu iliyochemshwa na kuchujwa kwa kitambaa. Ilinionyesha uso wangu kama kioo. Vidole ndivyo vilivyojua: ukiisugua inakwisha haraka, na ukinusa kuna moshi kwa mbali. Tangu hapo kopo nikilimaliza nalitoboa, lisije likajazwa upya na kumdanganya mtu mwingine. Filta nayo ukiona gundi yake imetapakaa na mikunjo ya karatasi imelala upande mmoja, mrudishie mwenye duka hata akikununia. Na taa nyekundu ikiwaka, simama. Simama hata kama nyuma umempakia askofu.

Lakini hayo yote unayajua. Ninachozunguka kukuambia ni kingine, na kalamu inateleza kwa oili, utaniwia radhi mwandiko.

Nimetoka tena. Nati ya chini bado wazi. Nikasema wakati matone yanaisha nifungue kikombe cha filta, niweke hiyo mpya uliyokuja nayo, hata kama tumegombana filta haijakosa kitu. Unakumbuka nilivyokuambia wiki hii kwamba pale ubavuni mwa injini panalowa kidogo, nikasema Land Rover ndivyo zilivyo, isiyovuja haina oili? Ulitaka kuangalia nikakukatalia. Nikasema nimefunga filta ile kwa mikono yangu baada ya ovahoo, na mkono wangu haujasahau kazi.

Nimeshusha kikombe. Nimepitisha kidole juu kwenye mfereji ambamo mpira unakaa. Mpira ukatoka. Nikapitisha tena kidole, kwa mazoea tu, na kidole kikagusa mpira mwingine.

Ilikuwa mipira miwili, Kalunde. Wa zamani umegandia juu, mweusi, mgumu kama pembe, na juu yake nimebandika mpya bila kutazama. Mimi, si fundi wa ovahoo. Gari limekaa tu hapa uani kwa sababu ya goti langu, ndiyo maana lilikuwa linalowa na haikutokea zaidi. Kwa mwendo wa safari, na mashimo yale, na joto, kikombe kingeachia. Kingeachia ukiwa wapi nimekaa nakisia, na kila ninapokisia nakukuta mahali pabaya zaidi. Oili yangu ingemwagika na yako ingemwagika. Arobaini au sintetiki, msitu usingeuliza.

Nimekaa chini ya gari na ule mpira mkononi muda mrefu. Masanja akainama akachungulia.

"Baba Kalunde, umeumia?"

Nikamwambia hapana.

"Sasa mbona unalia?"

Nikamwambia ni oili imeingia jichoni. Akasema, "Ee, oili hiyo mbaya, macho yote mawili?" halafu Mungu ambariki akaenda kuongea na mama yako jikoni.

Ndipo nikafikiria tena yale mawese. Nimeyafikiria maisha yangu yote kama adhabu ya uwongo wa ile oili nyepesi. Leo ndiyo nimejiuliza swali la kijinga ambalo mtoto wa darasa la tano angeuliza: injini ilikufa saa ngapi? Haikufa usiku ule ikiwa moto. Ilikufa asubuhi, kwenye baridi, kwa sababu kilichokuwa ndani kilikuwa kizito, hakikuweza kupanda. Kitu kile kile ulichokuwa unanieleza mchana ukiwa umeshika kopo lako, nami nakukatiza. Nilikuwa na ushahidi wako mfukoni mwangu miaka yote na sikuwahi kuutoa nikautazama.

Usifikiri sasa nimesilimu. Bado kuna sauti inaniambia injini ya umri huu inataka kitu kizito cha kuishika, na sili mpya za siku hizi sijui zimetengenezwa na mpira gani. Huenda arobaini ndiyo salama, huenda yako ndiyo salama. Sijui. Angalia nimeliandika neno hilo na kalamu haijavunjika. Mchana sikuwa na haki ya kusema najua, na usiku ule msituni sikuwa na haki ya kukuambia gari halifi. Ungeniuliza tena leo ningekujibu: sijui mwanangu, njoo tukae karibu, tusubiri kuche.

Nitakueleza nilichofanya mwisho, na usome polepole hapa.

Mpira wa zamani nimeung'oa, mfereji nimeufuta kwa kitambaa kikavu, kidole nimepitisha mara ya pili na ya tatu, nikamwita hata mama yako apitishe cha kwake. Filta yako nimefunga, na mpira mmoja tu. Nati ya chini nimekaza. Oili chafu amebeba Masanja, anaimba njia nzima. Kisha nikachukua kopo langu la arobaini, nikafungua mfuniko wa injini, nikainua. Mkono ulikuwa umeshainama. Nikasimama hivyo mpaka bega likauma, nikalirudisha kopo chini likiwa limejaa. Nikachukua la kwako. Nalo nikalirudisha. Nikimimina ya kwangu nitakuwa nimekubamizia mlango mimi safari hii. Nikimimina ya kwako itakuwa zawadi ya mzee anayetaka asifiwe, na barabarani ukisikia mlio wowote utajiuliza ni baba au ni mimi.

Kwa hiyo gari ni tupu. Injini haina hata tone. Ndiyo maana barua hii utaikuta kwenye usukani, na ufunguo nimeufunga ndani yake kwa uzi wa viatu, ili usiweze kuwasha kabla hujasoma mpaka hapa. Makopo yote mawili yako juu ya madigadi, yamefungwa, na faneli safi iko kati yake. Chagua wewe. Likitoka uani ni lako, na hata sasa hivi ni lako.

Mimi kesho nitakuwa nimeamka kabla yako, unanijua. Lakini sitatoka. Nitakaa kitandani na goti langu, nitasikia unafungua boneti, nitasikia unamimina, na mama yako nimemwomba anishike shati nikitaka kuinuka. Kopo utakaloliacha lifiche, au mpe Masanja, nisije nikaliona.

Ukishamaliza, ukishawasha, ukisikia imetulia, njoo dirishani uniite. Nitatoka kukuaga tu, boneti nitaikuta imefungwa.

Baba yako.